Chupa Zilizorudi

Glavu ya kushoto ilikuwa inavuja. Fundi aliikunja kuanzia kwenye kiwiko, akaibana hewa iende vidoleni, akaisogeza shavuni. Upepo mwembamba ukamgusa chini ya jicho. Tundu lilikuwa kwenye kidole gumba, palepale alipokuwa amelibandika kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Akaivaa hivyohivyo. Glavu mpya zilikuwa njiani, na katika kiwanda kile cha saruji njia ilikuwa ndefu. Kila kilichohitajika kilikuwa njiani, isipokuwa lawama. Hizo zilifika siku hiyohiyo.

Chumba cha swichi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango mmoja wa chuma, feni isiyozunguka, na makabati yaliyopangwa ukutani, kila kabati na breka yake ndani ya kukatia umeme, kila breka na sehemu yake ya kiwanda. Ya kabati la katikati ndiyo iliyolisha kinu kikubwa. Umeme ulikuwa umekatwa kutoka nje tangu asubuhi kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka, na Fundi alikuwa ameivuta breka hiyo juu ya kigari chake kama mtu anayevuta droo ya kabati la nguo.

Uhai wa breka ile ulikuwa katika chupa tatu za kauri nyeupe, kila moja na ukubwa wa chupa ya chai. Ndani yake hakuna kitu, wala mafuta, wala hata hewa. Katika utupu huo vipande viwili vya shaba hugusana umeme ukapita, na huachana umeme ukakatika. Vikiachana huzaliwa cheche, na utupu huinyima pumzi ikafa. Hewa ikijipenyeza, cheche haifi; hukua, ikala chupa, ikala kabati, ikamla na aliyesimama mbele ya kabati. Na chupa haitobolewi ikachunguliwa. Inapimwa tu. Ndiyo maana wenzake walimtania Fundi kwamba ndiye mtu pekee kiwandani anayelipwa kukagua kitu kisichokuwepo, na mwisho wa mwezi wangemshauri mhasibu ampe bahasha ya namna hiyohiyo.

"Springi za breka umezilegeza, shemeji?" Fundi aliuliza.

"Nimezilegeza."

"Umezilegeza mwenyewe, au umezikuta zimelegea?"

"Nimezilegeza mwenyewe, shemeji. Vidole vyangu bado navihitaji. Mtoto yuko njiani."

Aliyejibu alikuwa mume wa mdogo wake, kibarua, na kibarua chenyewe Fundi ndiye aliyemwombea. Kiwandani walimwita Bwana Harusi, kwa sababu siku ya kwanza alikuja na viatu vya harusi yake, hana vingine, na saruji ikavila mpaka vikafanana na mawe. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kucheka, na Fundi alimpenda kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Fundi akaunganisha nyaya za mashine ya kupimia, mmoja juu ya chupa ya kwanza na mwingine chini yake. Akamwambia Bwana Harusi arudi nyuma ya mstari wa njano, kisha akapandisha umeme polepole. Chupa ya kwanza ilivumilia mpaka mwisho. Ya pili haikufika hata nusu. Ilitoa mlio mfupi, kama mtu anayesonya, na mashine ikajizima. Akahamia ya tatu. Nayo ikamsonya.

Akajiambia huenda ni vumbi, maana vumbi la saruji likipata unyevu huwa na uongo wake. Akachana kipande cha fulana yake, kwa kuwa vitambaa vya kazi navyo vilikuwa njiani, akakilowesha spiriti, akaanza kuzifuta zile chupa mbili. Kitambaa kikarudi cheupe. Akakitazama. Akafuta tena, kwa nguvu, na weupe ukazidi kutoka, kwa sababu haukuwa weupe wa kauri bali wa rangi ya nyumba. Chini ya rangi chupa ilikuwa ya manjano kama jino la mvuta tumbaku. Na karibu na shingo yake palikuwa na mkwaruzo: mistari miwili iliyokatana na nukta moja pembeni.

Fundi aliketi chini sakafuni.

Mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao, naye alirithi kwao. Kifaa kilichokufa hakitupwi hivihivi. Anayekitoa hukikwaruza alama yake kwa ncha ya msumari, ili mtu mwenye njaa au mwenye tamaa asije akakirudisha kazini. Chupa hizi mbili alizitoa mwenyewe mwaka juzi kwenye breka ya pampu, akazikwaruza, akazitia stoo ya chakavu. Mwaka jana chupa mpya zilifika kwenye maboksi, zikapigwa picha zikiwa na Meneja, na ikasemwa zimefungwa kwenye breka hii na watu wa nje wakati Fundi yuko likizo ambayo hakuiomba. Mwaka mzima breka ilikuwa imebeba umeme tu. Haikuwahi kuambiwa ikate mzigo ukiwa juu. Hata leo asubuhi umeme ulikatwa mbali. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wameishi kwa bahati.

"Si alama yako hiyo?" Bwana Harusi aliuliza, ameinama juu ya bega lake. "Kama ile ya kwenye koleo la nyumbani."

"Ndiyo yangu."

Na Fundi akafurahi. Hasira alikuwa nayo, lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha ya mtu aliyemkuta panya mtegoni. Miaka yote ya njiani, njiani, hatimaye kitu cha kushika mkononi na kumwonyesha mtu. Hakufuta zaidi. Akamtuma Bwana Harusi amwite Meneja.

Meneja wa matengenezo alikuja na kofia safi na shati safi. Hakuwa mjinga, na hilo ni vizuri lieleweke. Alikuwa ameisomea kazi hii na kuifanya, na angeweza kuipima breka ile akiwa amefumba macho.

"Habari za kazi, fundi wangu?"

"Si nzuri, bosi. Chupa mbili zimekufa."

"Zimekufaje na ni mpya?"

"Si mpya. Tazama mwenyewe."

Meneja alichuchumaa, akaikunja suruali kidogo magotini isichafuke. Aliutazama mkwaruzo kwa muda mrefu, akaupitishia kidole.

"Hii alama ni ya nani?"

"Yangu. Nilizitoa mwenyewe kwenye breka ya pampu. Zilikuwa chakavu."

"Una hakika ni yako?"

"Nimeikwaruza kwa mkono wangu."

"Wewe, kijana, sogea hapa. Unaijua alama hii?"

Bwana Harusi alisogea haraka, anafurahi kwamba naye anaweza kusaidia. "Naijua, mkubwa. Ni ya shemeji. Nyumbani iko kwenye koleo, hata kwenye sufuria za mama ipo. Hakuna mwingine mwenye alama hii."

"Vizuri." Meneja akasimama. "Sasa nielezeni taratibu, huenda ni mimi nisiyeelewa. Chupa zenye alama ya fundi zilikuwa kwenye stoo ya chakavu. Ufunguo wa stoo ya chakavu hukaa na nani?"

Mkono wa Fundi uligusa mfuko wenye ufunguo.

"Hukaa na nani, fundi?"

"Na mimi."

"Na leo zimo kwenye breka ya kampuni, zimepakwa rangi."

"Ufunguo uliuazima wewe, bosi. Kabla hujanipa ile likizo."

"Mbele ya nani?"

Mbele ya nani. Uliombwa mlangoni, kwa maneno mawili, kama watu wanavyoombana kiberiti. Fundi alitazama kitambaa mkononi mwake. Alikuwa amejipalia makaa, tena kwa spiriti na fulana yake mwenyewe.

"Mimi nakujua," Meneja alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Najua wewe si mwizi. Lakini polisi hawakujui kama ninavyokujua. Wao watatazama alama, watauliza ufunguo, watamwita huyu shemeji yako aseme hayo aliyoyasema sasa hivi. Halafu ile nyumba ya kampuni, mama yako ndani, mdogo wako na tumbo lake. Yote haya ya nini?"

"Bosi, breka hii haiwezi kukata. Siku ikiambiwa ikate, italipuka."

"Hilo najua."

Alilisema kama mtu anayekubali kwamba leo kuna joto.

"Nimeagiza chupa nyingine," aliendelea. "Ziko njiani. Zikifika tutazibadilisha kimyakimya. Wewe paka rangi kidogo hapo, irudishe, kinu kianze kabla ya jioni. Usipotaka sikulazimishi. Wale wa mwaka jana nawapigia simu, watakuja kuirudisha wao, nami nitakuwa na maelezo mengine ya kutoa kukuhusu." Akamgeukia Bwana Harusi. "Kwanza ningesahau jambo la heri. Opereta wa chumba hiki ameacha kazi. Nimekufikiria wewe. Ajira ya kudumu, na mshahara wake, na matibabu ya mkeo. Unaanza leo. Au fundi ana neno?"

Bwana Harusi alimtazama shemeji yake kama mtu mwenye njaa anavyokitazama kifuniko cha sufuria. Fundi alikuwa na maneno mengi. Akainama, akaanza kukusanya nyaya za mashine.

Mchana alikwenda nyumbani kula, na habari ilikuwa imemtangulia. Bwana Harusi alikuwa amekimbia njia nzima na viatu vyake vya mawe. Mama alikuwa ametandika mkeka mpya katikati ya chumba, akaketi juu yake kama mwenye shughuli. Mdogo wake Fundi, mkono mmoja kiunoni, alipakua chakula kingi kuliko kawaida.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," Mama alisema. "Uliponiambia utamtafutia mkwe wangu kazi, nilidhani unanituliza tu."

"Sikumtafutia hii, mama."

"Basi nani? Meneja kamtoa wapi kama si kwako?"

Fundi alinawa mikono. Akaketi. Aliona heri aseme mara moja, kabla chakula hakijapoa na kabla moyo wake haujapoa. "Asiichukue kazi hiyo. Ile breka ni mbovu. Nimeipima leo. Siku yoyote kukitokea hitilafu, atakayekuwa chumbani ataungua."

Mdogo wake akaweka upawa chini.

"Leo jioni mtaiwasha?" aliuliza.

"Tutaiwasha."

"Italipuka mkiiwasha?"

"Haitalipuka ikiwashwa. Kuwaka itawaka vizuri. Italipuka siku itakapotakiwa kukata."

"Basi sitaikata," alisema Bwana Harusi, akacheka, na Mama naye akacheka kidogo kwa kuwa alicheka mkwe. "Nitakaa nayo kwa adabu. Sitaigusa."

"Kazi ya opereta ni nini, shemeji? Kengele ikilia unabonyeza kitufe chekundu, breka inakata. Na hata usipobonyeza, hitilafu ikiwa kubwa, inajikata yenyewe. Haingoji ruhusa yako."

"Kwa hiyo nikae mbali nayo."

"Kazi yako ni kukaa karibu nayo."

Bwana Harusi alikata tonge, akaliangalia, akalirudisha kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika familia ile hakuwa na la kuchekesha.

"Sasa kaka," mdogo wake alisema taratibu, "kama ni mbovu, kwa nini unairudisha?"

Hapo Fundi akawaeleza. Alama, stoo, ufunguo, rangi. Alipofika kwenye yale aliyoyajibu Bwana Harusi mbele ya Meneja, aliyaruka, lakini Bwana Harusi akayasema mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilidhani nakutetea, shemeji."

"Najua."

"Niliona unajivunia ile alama, nikadhani..."

"Najua. Kula."

Mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, macho kwa mumewe. Alipozungumza hakuwa na hasira, na Fundi angependelea awe nayo. "Ukikataa wewe, wanakuja wengine wanairudisha. Sivyo? Wewe unafungwa, sisi tunatolewa humu, na yeye hata kibarua hatapewa tena, maana ni shemeji wa mwizi. Breka itabaki palepale, na mume wa mtu mwingine atakaa mbele yake. Akikataa yeye, Meneja atajua umesema. Nionyeshe njia, kaka. Wewe ndiye mkubwa. Nionyeshe njia nami niifuate."

Fundi akamega tonge, akalikanda mpaka likapoteza umbo.

"Na hizo chupa nyingine?" Mama aliuliza. "Amesema ziko njiani."

"Amesema, mama."

"Basi huenda zitakuja. Mwenye nguvu mpishe, mwanangu. Atakaa siku chache tu mpaka zije." Akamsogezea mkwe wake sahani. "Kula, baba. Mtu haanzi kazi na njaa."

Bwana Harusi akala. Fundi alimtazama akila, akaichukia sahani, akauchukia mkeka mpya, akamchukia Meneja na suruali yake iliyokunjwa magotini, na zaidi ya vyote akauchukia mkono wake wa kulia, ambao haukuweza kukwaruza chupa kimya ukaishia hapo, ila ulilazimika kuandika kwamba ni wenyewe.

Alipaka rangi. Kopo lilikuwepo tayari, limewekwa juu ya kabati na mtu aliyejua litahitajika. Alikaza springi, akakisukuma kigari, breka ikaingia mahali pake. Umeme uliporudishwa kutoka nje aliwatoa watu wote chumbani, ingawa alijua kuwasha hakuna hatari, akabonyeza mwenyewe. Breka ikajibu kwa mshindo mmoja safi. Taa ikabadilika rangi. Mbali, upande wa pili wa kiwanda, kinu kikaanza kuguna, kisha kuunguruma, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu kama kawaida yake.

"Umeona?" Meneja alisema, akimpiga begani. "Na ulitaka kunisimamishia kiwanda."

Bwana Harusi alifika amevaa ovaroli mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Ilikuwa kubwa kwake, ameikunja mikono. Wenzake wa zamani, vibarua waliokuwa wakipakia mifuko, walisimama kumpongeza, wakamwambia leo ndiyo harusi yenyewe, ile nyingine ilikuwa mazoezi. Akawapungia mkono. Akaingia, akaangalia huku na huku, akavuta kiti mpaka mbele ya kabati la katikati, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na taa nzuri na mita za kusoma, na akaketi.

"Shemeji," Fundi alimwambia kwa sauti ya chini, "kengele ikilia, usiguse chochote. Toka nje kwanza."

"Atoke aende wapi?" Meneja aliuliza kutoka mlangoni. Masikio yake yalikuwa mazuri. "Fundi, umesahau utaratibu? Tangu nyaya za shaba zilipoibwa, opereta anafungiwa kwa nje mpaka zamu yake iishe."

"Leo mlango uachwe wazi, bosi."

"Kwa sababu gani?"

"Bosi."

"Nakuuliza sababu. Breka ni nzima au si nzima? Nani kaipima?" Alisubiri. Kinu kilinguruma. Bwana Harusi aliwatazama wote wawili kutoka kwenye kiti, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi siku ya kwanza. Meneja akatoa ufunguo mfukoni na kuuweka katika kiganja cha Fundi. "Ukae nao wewe. Huyu ni ndugu yako, nani atamlinda kukushinda? Lakini akionekana nje kabla ya wakati, nitajua ni nani aliyemfungulia, na mtaondoka wote wawili. Haya, funga. Nina kikao."

Hakwenda kwenye kikao. Alisimama palepale, mikono nyuma, akingoja.

Fundi alimtazama shemeji yake. Alitaka amwone anainuka kwenye kile kiti, aseme hapana, akimbie kama alivyokimbia mchana, hata kama ni na viatu vile. Bwana Harusi alimtikisia kichwa tu, taratibu, kwamba haidhuru.

Mlango ulikuwa mzito na bawaba zake zimelegea, haukai sawa. Fundi aliusukuma kwa bega, ukagoma. Akausukuma tena, si kwa nguvu zake zote, na labda yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba si zote. Palibaki mwanya wa upana wa vidole viwili. Mwanya huo aliuangalia. Meneja alikohoa.

"Ngoja nikusaidie, shemeji," alisema Bwana Harusi kutoka ndani. Kiti kikaburuzwa, hatua zikaja, vidole vikaonekana vikishika ukingo wa chuma, na akauvuta mlango kwa mikono miwili mpaka ukaingia mahali pake, ufunguo ukaweza kuzunguka.